Mbona trauti huponyoka akishafika miguuni pa mvuvi?

Trauti ameshanasa, mshipi umekaza, yuko miguuni pa mvuvi. Kisha, pap! Ameenda.

Kwa wanaovua kwa nzi bandia kwenye vijito vya Mlima Kenya na Aberdare, kisa hiki si kigeni. Kumnasa trauti ni kazi, lakini kumtoa majini ndiko wengi huchemsha.

Samaki huyu si mwenyeji wa Kenya. Aliletwa enzi za ukoloni, na Mto Gura kule Aberdare ulipandikizwa trauti mwaka 1905. Maji baridi ya milimani yakamfaa.

Shida ya kijito ni ufinyu. Huku jiwe, kule mzizi, juu matawi. Mtoni kwenye nafasi, samaki huachiwa akimbie hadi achoke. Hapa ukimwachia anajichimbia chini ya mzizi, na uzi mwembamba wa mwisho unakatika.

Kwa hiyo fimbo hailazimiki kuinuliwa juu. Ilazwe upande, karibu na maji. Kuinua humleta trauti juu, akajirusha na kutikisa kichwa, na fimbo yenyewe ikakwama matawini. Kuvuta kwa upande humgeuza kichwa, na kichwa kikigeuka mwili hufuata. Akikimbilia mzizi wa kushoto, avutwe kulia.

Mshipi uvutwe kwa mkono. Kuanza kuukunja kwenye kigurudumu hupoteza muda, na ukilegea kidogo tu, ndoano inachomoka.

Jambo jingine ni mahali pa kusimama. Mvuvi akiwa upande wa chini wa mkondo, maji humsaidia kumleta samaki. Samaki akishuka chini yake, ni afadhali amfuate polepole kando ya kijito kuliko kumvuta kupanda mkondo, maana hapo uzi unabeba samaki pamoja na nguvu ya maji.

Sasa wavu. Kosa kubwa ni kumkimbiza nao. Trauti akiuona unamjia, hutumia nguvu zote zilizobaki kuchomoka. Wavu uzamishwe kwanza penye maji yaliyotulia, mvuvi achuchumae asionekane, kisha samaki aongozwe juu yake, kichwa kikitangulia. Ndipo wavu uinuliwe.

Kama hakuna wavu, mkono uliolowa upitishwe taratibu chini ya tumbo. Asiminywe, wala asiburutwe juu ya mawe.

Haya ni muhimu zaidi kwa anayemrudisha samaki majini. Mkono mkavu hubandua ute unaomkinga na magonjwa, na pambano refu humchosha kiasi kwamba anaweza kuogelea zake, halafu afe baadaye bila mtu kujua. Ndoano isiyo na kijino hutoka upesi, hata samaki akiwa bado ndani ya maji.

Asitupwe. Ashikwe kichwa kikielekea mkondo unakotoka, maji yapite kwenye matamvua, hadi aondoke mwenyewe.