Wastani si katikati

Neno 'wastani' limetokana na Kiarabu, lugha ambamo 'wasat' ni katikati. Ndiyo maana tunasema mtu wa kimo cha wastani, au maisha ya wastani. Matumizi hayo hayana ila. Hata hivyo, neno lilo hilo likiingia katika darasa la kemia, maana hiyo ya katikati hupotosha. Chukua mfano wa chumvi ya bahari inayokizunguka kisiwa chetu cha Mombasa.

Chumvi ni sodiamu na klorini. Atomi zote za klorini zina protoni 17, ila baadhi zina nyutroni 18 na nyingine 20. Atomi za elementi moja zinazotofautiana hivyo huitwa isotopu. Hapa tuna klorini-35 na klorini-37. Muulize mwanafunzi wastani wake, atakujibu: "Si 36?" Lakini jedwali la elementi linasema 35.45. Nani kakosea?

Haya, twende Marikiti, pale ukingoni mwa Mji wa Kale. Umenunua nazi tatu kwa shilingi 35 kila moja, na ya nne, kubwa kidogo, kwa shilingi 37. Jumla ni 142. Gawanya kwa nne: kila nazi imekugharimu shilingi 35.50. Mnunuzi hasemi 36, maana anajua za bei nafuu ndizo nyingi.

Klorini nayo ni vivyo hivyo. Katika kila atomi 100, takriban 75.77 ni klorini-35, yenye tungamo la 34.969, zilizobaki, 24.23, ni klorini-37, yenye tungamo la 36.966. Zidisha kila tungamo kwa sehemu yake: 0.7577 × 34.969 ni 26.496, na 0.2423 × 36.966 ni 8.957. Jumlisha, upate 35.453. Hakuna atomi hata moja yenye tungamo hilo; ni sifa ya mchanganyiko mzima.

Kwa hivyo napendekeza vitabu viseme 'wastani wa uwiano', yaani kila kitu kihesabiwe kwa kadiri ya wingi wake. Mtoto akishindwa na hesabu hii, wapo wanaodai Kiswahili hakiiwezi sayansi. Kumbe lugha inaiweza, na sokoni hesabu yenyewe hufanywa kila siku. Kilichokosekana ni istilahi iliyofafanuliwa vyema.