Mti na Mahali Pake: Funzo Kutoka Misitu ya Usambara

Utangulizi

Sharika nyingi hupanda miti, na mara nyingi vijana wa kipaimara ndio wanaoongoza kazi hiyo. Jambo hili ni jema, lakini hesabu ya miche peke yake haitoshi. Kusudi la makala haya ni kueleza, kwa mfano wa milima ya Usambara mkoani Tanga, kwa nini hatuna budi kuuliza pia: Ni mti gani, nao umepandwa wapi? Katika Zaburi ya 104 miti haitajwi peke yake, bali pamoja na milima, chemchemi, na ndege wanaojenga viota ndani yake. Kila kiumbe kimepewa mahali pake.

1. Milima mimoja, misitu ya namna mbili

Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya Usambara, hupoa, na kuangusha mvua. Pande zielekeazo bahari hupata mvua nyingi. Pande za ndani, kama vile Shume, hupata kidogo. Kwa sababu hiyo miti nayo hutofautiana.

Mkulo (Ocotea usambarensis) ni mti wa msitu wenye unyevu. Mbegu zake hazipatikani kwa wingi kila mwaka, na nyingi huharibika. Kwa hiyo huendelea hasa kwa machipukizi yatokayo mizizini. Msitu ukigeuzwa kuwa shamba na mizizi kung'olewa, mkulo haurudi kwa urahisi.

Mwangati (Juniperus procera) ni mti wa nyanda za juu zilizo kavu zaidi. Mche wake hauvumilii kivuli kizito, bali huota vema mahali palipo wazi. Mbao zake hazishambuliwi upesi na mchwa, nazo zilitafutwa sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga njia ya kamba za chuma ili kuzishusha kutoka Shume hadi kwenye reli, huko Mkumbara.

Basi kinachouhuisha mti mmoja chaweza kuuzuia mwingine, ijapokuwa yote miwili ni ya Usambara.

2. Mgeni aliyeenea

Maesopsis eminii ni mwenyeji wa misitu ya Uganda na Bukoba. Huko una mahali pake. Uliletwa Amani, Usambara Mashariki, katika karne ya 20, kwa kuwa hukua upesi. Ndege aitwaye hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu mbali. Misitu ilipokatwa sana kwa ajili ya mbao, hasa katika miaka ya 1970, mti huu ulijaza mianya na kuchukua nafasi ambayo ingekuwa ya miti ya asili. Mti huo si mbaya kwa asili yake. Ubaya ulitokana na watu kuutazama kwa mbao zake tu, pasipo kuutazama msitu.

3. Wajibu wa mchungaji

Yatupasa tusiihukumu kila miti ya kigeni. Mkaratusi, uliotoka Australia, hutoa nguzo na kuni upesi, na hivyo waweza kuupunguzia msitu wa asili mzigo. Lakini hunywa maji mengi. Usipandwe karibu na chemchemi. Penye chanzo cha maji, heri kuyaacha machipukizi ya asili yakue, na kuzuia mifugo isiyakanyage.

Aidha, kabla ya kununua miche, mchungaji na awakutanishe vijana na wazee wa usharika. Wazee wengi wangali wanajua majina ya miti kwa Kisambaa, na mahali kila mmoja ulipoota. Maarifa hayo hayakuandikwa yote. Mzee akizikwa, huzikwa nayo. Wanafunzi wa theolojia wangefanya vema kuyaandika mapema.

Uwakili tuliopewa juu ya uumbaji ni pamoja na kuyajua majina ya vile tulivyokabidhiwa. Usharika ukipanda miche hamsini mahali pake na kuitunza mpaka ikue, umefanya kazi kubwa kuliko ule uliopanda elfu moja na kukausha chemchemi.