Kupigilia Wavu wa Mbu kwa Stepla

Vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, kama vile vya Ukerewe, Sengerema na Magu, vina maji mengi. Mbu hupenda maji. Huzaliana katika madimbwi na katika majaruba ya mpunga. Mbu wa malaria huuma hasa usiku. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa India, aliona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu. Kumzuia mbu ni kuzuia malaria.

Wavu wa dirishani ni kinga nzuri. Lakini wavu uliolegea haumzuii mbu. Mvuvi anajua kwamba wavu wenye tundu hupoteza samaki. Nyumbani, wavu wenye tundu huingiza mbu.

Njia rahisi ya kupigilia wavu kwenye fremu ya mbao ni kutumia stepla ya mkono. Si stepla ya karatasi. Ni ile ya chuma wanayotumia mafundi wa makochi. Ukibana mpini, springi ya ndani husukuma pini kwa nguvu hadi kwenye mbao. Nyumba kadhaa zinaweza kuchanga na kununua moja.

KUCHAGUA PINI

Nunua pini zinazolingana na stepla yako. Soma namba kwenye boksi. Kwa wavu, pini zenye miguu ya milimita 8 au 10 zinatosha. Kama mbao ni ngumu, tumia pini fupi.

KUJAZA PINI

1. Funga mpini kwa kizuizi chake.
2. Bonyeza kichwa cha fimbo iliyo nyuma, kishushe, kisha vuta fimbo yote nje.
3. Ingiza pini kwa nyuma. Migongo iwe juu, miguu iwe chini.
4. Rudisha fimbo, ubonyeze mpaka ishike. Isiposhika, springi itairusha.

Stepla nyingine hufunguka kwa chini. Hiyo igeuze juu chini, na miguu ya pini itazame juu.

KUPIGA

1. Kata wavu uzidi dirisha kila upande. Kunja ukingo ili usichanike.
2. Weka pua ya stepla ilale sawa juu ya mbao. Kandamiza kichwa chake kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili, bana mpini hadi mwisho. Ukiacha nafasi, pini itabaki juu.
3. Anza katikati ya upande wa juu. Vuta wavu, upige katikati ya upande wa chini. Kisha katikati ya kushoto na ya kulia.
4. Endelea kutoka katikati kwenda kwenye pembe, huku ukivuta wavu. Ukianzia pembeni, utajikunja.
5. Kati ya pini na pini acha nafasi ya vidole 3.

Pini iliyobaki juu igonge kwa nyundo. Iliyopinda ing'oe kwa koleo.

JIHADHARI

Usimwelekezee mtu stepla, hata kwa mzaha. Vaa miwani ya kazi. Weka mkono wako mbali na pua ya stepla. Pini ikikwama, usichungulie puani. Funga mpini, toa fimbo na pini zote, ndipo uiondoe kwa koleo. Jicho halina spea. Ukimaliza kazi, toa pini, funga mpini, weka stepla mahali ambapo watoto hawafiki.

KAGUA KAZI YAKO

Mchana, funga mlango, usimame ndani. Tazama ukingo wa wavu. Panapopenya mwanga bila wavu, mbu atapita. Ongeza pini hapo. Tazama pia uwazi kati ya ukuta na paa. Nao uzibe kwa wavu. Hata hivyo, endelea kulala ndani ya chandarua chenye dawa.

MASWALI

1. Kwa nini tunaanzia katikati ya dirisha?
2. Pini ikikwama, utafanya nini kwanza?
3. Nyumbani kwako mbu huingilia wapi?