Utabiri wa Juma la Kwanza la Masika

Mazungumzo yetu ya leo, wasikilizaji na wasomaji, yahusu utabiri wa hali ya hewa wa juma lijalo, katika siku hizi za Machi ambapo kaskazi imechoka na kusi haijashika. Watu wa Ulaya wakati huu husubiri theluji iyeyuke na miti itoe majani mapya. Sisi hatuna theluji. Kitujiacho ni masika. Wenye mashamba huyangoja kwa furaha. Sisi wa Mchikichini twayangoja jicho moja likitazama mawingu na la pili likitazama mto.

Kwa ajili ya walio mbali, yafaa tueleze. Mchikichini ni kata ya Ilala katika mji wa Dar es Salaam, jirani ya Kariakoo, ukingoni mwa bonde la mto Msimbazi. Hapo pana soko la Karume lenye sifa ya mitumba, pana nyumba zilizobanana, na wapo wachuuzi watandikao bidhaa zao chini tangu alfajiri. Ng'ambo ya bonde ni Magomeni. Na kwa upande wa baharini ni Jangwani, ambapo barabara ya Morogoro huvuka mto. Mtu wa hapa akiusikiliza utabiri kwa sikio moja tu, yaani kwa ajili ya paa lake, atakuwa amesikia nusu ya habari. Nusu ya pili ni ya sakafu yake, nayo haitangazwi chini ya jina la Mchikichini.

Kwanza tutazame mvua yenyewe hutoka wapi. Jua hupita utosini mwa Dar es Salaam siku za kwanza za Machi, likielekea kaskazini. Na kati ya tarehe 20 na 21 huwa juu ya ikweta. Pale linapopiga wima, nchi na bahari hupata joto jingi, hewa hupanda, na pepo za kaskazi na za kusi hukutana. Hewa iliyobeba unyevu wa bahari ikipanda hupoa, na unyevu ule hugeuka mawingu, kisha mvua. Mkanda huo wa makutano hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo, kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni. Ndiyo sababu Machi ni mwanzo tu, na Aprili ndio mwezi wa maji mengi: kwa wastani mji wetu hupata kiasi cha milimita 250 mwezi huo, katika milimita 1,100 hivi za mwaka mzima.

Wazee wa pwani walikuwa na hesabu yao. Walianza na Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, wakaugawa mwaka wa jua katika miongo ya siku kumi kumi, na kwa miongo hiyo mabaharia walijua wakati wa kutweka tanga na wakulima wakati wa kupanda. Hesabu hiyo haina siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, kwa hiyo husogea polepole. Lakini mtu asiidharau. Hata leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa ya wakulima kwa kila siku kumi. Kazi ya kupima hewa kwa vyombo katika nchi hizi ilipata idara yake mwaka 1929, wakati wa utawala wa Waingereza. Mamlaka ya sasa ilipata jina na sheria yake mwaka 2019. Hutumia vituo vya ardhini, picha za setilaiti, na rada, mojawapo ikiwa Bangulo hapa Dar es Salaam, ambayo huyaona matone ya mvua yangali mbali.

Basi tuje kwenye maneno ya utabiri, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hupotea. Sisi hutajwa katika pwani ya kaskazini, pamoja na Tanga, mkoa wa Pwani, Mafia, Unguja na Pemba. Mtangazaji akisema, “mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua,” hakusema kwamba mvua itanyesha kwako. Wingu la ngurumo laweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Laweza kumwaga Temeke na kuiacha Kariakoo kavu kama kauri, na maneno yake yakawa ya kweli vilevile. Mwenye duka aliyefunga mapema asipate hata tone, hasira zake twazielewa, lakini asimwite mtabiri mwongo.

Neno “wastani” nalo lina maana yake. Ni hesabu ya mvua ya miaka 30, si mvua ya mwaka jana unayoikumbuka. Tena utabiri wa msimu na utabiri wa juma ni vitu viwili. Msimu waweza kutabiriwa kuwa chini ya wastani, na ndani yake ikawamo siku moja ya mvua iwezayo kubomoa ukuta.

Kadhalika tusikie tofauti ya “mvua” na “mvua kubwa.” Mvua kubwa kwa kipimo cha Mamlaka ni ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Milimita 50 ni urefu wa kidole tu, na mtu aweza kuucheka. Lakini milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Chukueni nyumba ya bati yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6: mvua ya milimita 50 itateremsha kutoka paa hilo lita 2,400, yaani ndoo 120 za lita ishirini. Wanafunzi na wahesabu wenyewe paa la darasa lao.

Inapotazamiwa hatari, Mamlaka hutumia rangi. Njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi hizo hazipimi wingi wa mvua peke yake. Hutazama pia jinsi mambo yatakavyoharibika, na uwezekano wa hayo kutokea.

Sasa tufike mtoni. Msimbazi hauanzii hapa. Hutoka katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukateremka kwa kiasi cha kilomita 35, ukapokea vijito kama ule wa Sinza, kisha ukaingia baharini penye daraja la Selander. Milimita 50 zikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50, na eneo linalomimina maji yake katika mto huu ni kilomita za mraba nyingi sana. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilizama katika udongo na majani. Leo yakuta mabati, saruji na lami, nayo hukimbia. Na njiani hukuta mchanga na takataka zilizojaza mfereji, basi hupanda kingo.

Kwa hiyo jambo hili hutokea, nalo ndilo lituogopeshalo kuliko ngurumo. Usiku mvua hupiga Pugu kwa nguvu. Mchikichini hunyesha rasharasha tu, kisha nyota huonekana, na watu hulala. Saa kadhaa baadaye maji huingia chini ya mlango. Aliyesikiliza utabiri wa mtaa wake tu alisikia manyunyu, na manyunyu kweli ndiyo aliyoyapata kutoka mbinguni. Maji ya sakafuni yametoka kwenye mvua ya watu wengine. Ndiyo maana twasema: mkazi wa bondeni asikilize habari za Kisarawe na Pugu kabla ya habari za kwake.

Mifano haihitaji kutafutwa mbali. Desemba 2011, wakati wa vuli, mvua ya siku chache ililijaza bonde la Msimbazi. Watu zaidi ya 40 walikufa mjini, na baadhi ya waliopoteza makao walipewa viwanja Mabwepande. Aprili 2018 maji yalifunika barabara ya Morogoro pale Jangwani, yakaingia katika kituo cha mabasi ya mwendokasi, na mji ukakatika vipande viwili: aliye Magomeni aliiona Kariakoo kwa macho asiweze kuifikia kwa miguu.

Bahari nayo ina neno lake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, na bamvua za karibu na mwisho wa Machi huwa miongoni mwa zile kubwa. Maji ya bahari yakiwa yamejaa mdomoni mwa mto, maji ya mto hukosa pa kutokea, nayo hurudi nyuma na kutanda. Mvua ileile iliyonyesha wakati wa maji mafu ingepita bila kelele. Wavuvi wetu hawahitaji kufundishwa hili. Sisi wa mitaani ndio tuliosahau kuutazama mwezi. Juma lijalo mtazameni, mhesabu na saa za kujaa na kupwa.

Mtu aweza kuuliza: mbona utabiri wa Jumatatu hubadilika Alhamisi? Utabiri wa kesho una nguvu kuliko ule wa siku ya saba, na Machi ni mwezi wa vimbunga katika bahari ya kusini yetu. Kimbunga kikizunguka karibu na Madagaska au Msumbiji huzivuta pepo na unyevu wake, na mvua tuliyoahidiwa yaweza kwenda huko. Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira, na masika ya mwaka ule yalichelewa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mara nyingine kimbunga chenyewe hutusogelea, kama Hidaya kilipofika karibu na Mafia mapema Mei 2024. Basi utabiri wa juma husikilizwa kila siku, si mara moja.

Mwenye kibanda sokoni, siku ya angalizo, na ainue marobota juu ya mbao kabla ya kufunga jioni, asingoje mawingu. Mwenye nyumba ya bondeni na afunge vyeti na madaftari ya watoto katika mfuko wa nailoni, avitundike juu, na ajue mapema kwa ndugu yupi ataomba hifadhi. Maji yaendayo mbio yakifika magotini yaweza kumwangusha mtu mzima, basi mtoto asitumwe kuyavuka hata kwa hatua kumi.

Kwa wanafunzi tuna kazi moja. Tafuteni mkebe ulionyooka, usio na tumbo wala shingo, muuweke mahali pa wazi, mbali na miti na vipenu. Kila siku saa tatu asubuhi pimeni kina cha maji kwa rula, kwa milimita, muandike pamoja na tarehe, kisha muyamwage. Wenzenu wa shule moja ya Pugu wakifanya hivyo saa hiyohiyo, mwisho wa juma linganisheni madaftari mawili, na pembeni muandike siku mto ulipopanda Mchikichini. Siku isiyo na mvua nayo iandikwe: sifuri.