Seva ya nyumbani Karatu: Tazama betri kabla ya kasi

Mkazi wa Karatu au Ngorongoro anayetaka kuhifadhi nyaraka zake katika seva ya nyumbani yenye programu huria hana budi kufikiria kwanza umeme. Ukikatika ghafla, data inayoandikwa wakati huo katika kadi ya kumbukumbu huweza kuharibika.

Raspberry Pi 4, iliyotolewa Uingereza mwaka 2019, hupatikana ikiwa na kumbukumbu hadi GB 8. Hata hivyo haina sehemu ya kuchaji betri, na huhitaji programu isiyo huria ili iwake.

LIME2 ya kampuni ya Olimex, Bulgaria, ina GB 1 tu, lakini hupokea betri na kuendelea kufanya kazi umeme ukizimika. Kwa familia moja, hiyo yatosha.