Nyani wanakuja kwa kundi, sisi tunalinda kila mtu peke yake



Muhindi ukifika wakati wa maziwa, kazi ya shamba hapa Mulekera inabadilika. Kupalilia kumekwisha, sasa ni kufukuza nyani. Mtoto anakosa masomo wiki mbili au tatu, mama anakaa kando ya pori tangu mapambazuko. Kwa wale wa kakao ni vilevile: nyani anapasua tunda, anafyonza utamu mweupe, na mbegu zinabaki chini. Katika mikutano wengi wanatuuliza: "Dawa ya nyani ni nini?"

Kabla ya kuongea juu ya dawa, tuangalie kwanza namna nyani anavyoishi. Ana meno na ana mbio, lakini kinachomsaidia zaidi kuvumilia njaa, kiangazi na adui ni ukoo wake. Mwenye kuuelewa ukoo huo ataelewa pia kwa nini tunashindwa.

Ukoo wa wamama

Hapa kwetu tunasema "nyani" kwa wote, lakini wako wa aina nyingi. Yule mwenye mkia mwekundu na doa jeupe puani anaishi katika kundi lenye dume mmoja mkubwa, majike wengi na watoto wao. Jike anazaliwa katika kundi, anazaa humo, anazeeka humo. Dume akikomaa anaondoka kwenda kutafuta kundi lingine. Kwa hiyo dume ni kama mgeni. Wenye mji ni wamama.

Majike wazee ndio wanaoijua nchi: mti gani unazaa mwezi gani, maji yanabaki fasi gani wakati wa kiangazi. Watoto wanajifunza kwa kuwafuata. Ndiyo maana kuua dume mmoja hakuponyi shamba. Dume mwingine atakuja kuchukua nafasi, na wamama wanaojua njia ya shamba lako wangali wapo.

Tena, nyani huyu ana mifuko ndani ya mashavu. Akiingia shambani hakai kula: anajaza mashavu haraka, anarudi mtini, na huko anatafuna kwa utulivu karibu na wenzake. Dakika chache zinamtosha. Mlinzi akienda kunywa maji na kurudi, anakuta maganda tu.

Macho mengi, sauti nyingi

Kule Amboseli, nchini Kenya, kunaishi nyani wadogo wenye uso mweusi ambao Wakenya wanawaita tumbili. Mwaka 1977 watafiti Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walianza kusikiliza sauti zao. Waliona kwamba tumbili ana mlio mmoja kwa chui, mwingine kwa tai, mwingine kwa nyoka. Wakarekodi milio ile na kuipigisha wakati hakuna adui yeyote karibu. Mlio wa chui: wote wakakimbilia mitini. Mlio wa tai: wakaangalia juu au wakaingia vichakani. Mlio wa nyoka: wakasimama kwa miguu miwili na kuchunguza majani chini.

Mtoto wa tumbili anakosea kwanza, anaweza kulia "tai" kwa ndege asiye na hatari. Anasahihishika polepole akiwa pamoja na wakubwa. Na yule anayelia ovyo mara nyingi, wenzake wanaacha kumsikiliza. Sauti ya uongo inaharibu ulinzi wa wote.

Katika misitu kama Ituri na Kibale, aina mbalimbali za nyani zinatembea pamoja, kila moja na chakula chake na sauti yake. Tai mkubwa wa msitu akipita, wa kwanza kumwona anawaokoa wote. Hawana mama mmoja, lakini adui wao ni mmoja.

Rafiki wakati wa shida

Hapo hapo Amboseli, tangu mwaka 1971 watafiti wanafuata babuini, wale nyani wakubwa wa savane wenye uso mrefu kama wa mbwa. Nchi ile ni kavu na mvua inakosekana mara kwa mara. Mwaka 2003 walitangaza walichokiona katika miaka 16: watoto wa majike wanaokaa sana pamoja na wenzao, wanaotoana wadudu na kupumzika bega kwa bega, wanapona mwaka wa kwanza kuliko watoto wa majike wanaokaa pembeni. Hata jike wa cheo cha chini alipata faida hiyo.

Mfano mwingine unatoka Gilgil, Kenya. Shamba kubwa la ng'ombe liligawanywa kwa wakulima, na babuini waliokuwa wakiishi pale wakakuta muhindi mbele yao. Kundi moja likagawanyika: wengine wakazoea kuiba mashambani, wengine wakabaki na majani yao ya porini. Wale wezi wakapewa jina la Wabaya. Mwaka 1984 mtafiti Shirley Strum alihamisha makundi matatu kwenda Laikipia, fasi kavu wasiyoijua. Walijifunza vyakula vya kule kupitia babuini wenyeji waliokutana nao. Mgeni aliponea kwa mwenyeji.

Na mbali zaidi, katika kisiwa kidogo kando ya Puerto Rico, wanaishi nyani ambao wazazi wao waliletwa kutoka India mwaka 1938. Mwezi wa Septemba 2017 tufani iliangusha miti mingi, kivuli kikawa kidogo na joto likazidi. Nyani wale ni wagomvi, watu walidhani watapigania kivuli. Lakini walianza kuvumiliana zaidi kuliko mbele, wakakaa wengi chini ya kivuli kimoja. Miaka iliyofuata, waliokubali kukaa na wenzao walikuwa na bahati kubwa zaidi ya kuishi.

Na sisi je?

Sasa tujiangalie. Nyani wanakuja kundi nzima, sisi kila familia inalinda kipande chake. Ukimfukuza kwako, anaingia kwa jirani ambaye leo yuko kwenye kilio au sokoni. Kesho jirani atamrudisha kwako.

Karibu na msitu wa Kibale, Uganda, watafiti walipima hasara katika miaka ya 1990. Sehemu kubwa iliangukia mashamba yaliyo ndani ya mita 200 kutoka ukingo wa msitu. Maana yake ni nini kwa kooperative? Mwenye shamba la kando ya pori analisha nyani kwa niaba yetu wote. Yeye akichoka na kuliacha, shamba linakuwa kichaka, na mpaka wa nyani unasogea kwa anayefuata. Hapa Beni tunajua jambo hili kwa uchungu: tangu 2014 watu wengi wamekimbia mashamba yao juu ya mauaji, na shamba lililokimbiwa halikai wazi siku nyingi. Kumsaidia wa pembeni si sadaka, ni kulinda shamba lako mwenyewe.

Mambo haya kooperative inaweza kuyafanya bila mufadhili:

1. Likilimba ya ulinzi. Kama munavyozungusha pesa, muzungushe zamu. Kila familia itoe mtu mkubwa kwa siku yake, pia wenye mashamba ya katikati. Watoto wabaki masomoni. Walinzi wakae wawili wawili au zaidi, upande wa pori. Kwa hali ya usalama tuliyo nayo, hakuna anayepashwa kwenda peke yake. Siku ambayo habari ya usalama si nzuri, zamu inafutwa. Muhindi unapandwa tena, mtu hapandwi.

2. Kuanza mapema. Musingoje muhindi ukomae. Zamu ianze mbele ya maziwa, ili wamama wa nyani wasijifunze kwamba fasi ile ni ya bure. Kumzuia asizoee ni rahisi kuliko kumuachisha mazoea.

3. Alama za sauti. Mukubaliane na shefu wa kartie: firimbi ya namna fulani ni nyani, ya namna nyingine ni moto au mtu aliyeumia. Anayepiga kwa mchezo aonywe mbele ya wote.

4. Kusafisha ukingo. Mufyeke mstari mpana kati ya pori na shamba. Nyani hapendi kuvuka fasi wazi, na mlinzi anamwona mapema.

5. Kupanga mimea. Muhindi na karanga viende ndani, mbali na pori. Pembeni mupande asichokipenda, kama pilipili. Kakao ivunwe mara inapoiva, isingojee siku ya mnunuzi.

6. Kaye ya hasara. Muandike tarehe, saa, fasi, mmea na aina ya nyani. Baada ya msimu mmoja mutajua saa na njia zao, na mutakuwa na la kuonyesha kwa wakubwa.

Sumu na nyama

Sumu tunaikataa kabisa. Inaua mbwa, kuku na hata mtoto, inafika majini. Pia Sheria 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda wanyama wa pori, na sokomutu yuko kati ya wale wanaolindwa kabisa.

Nyani aliyekutwa amekufa asiguswe wala kuliwa. Hatujasahau Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 pale Mangina: mpaka ilipoisha tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imechukua watu zaidi ya 2200. Mukiona nyani waliokufa, mupeleke habari kwenye kituo cha afya siku ile ile.

Kwa mkutano ujao wa kila kooperative tunapendekeza swali moja tu kwenye ajenda: nani kati yetu wana mashamba kando ya pori, na msimu huu tutawapa siku ngapi za ulinzi? Muandike majina na siku kabla ya kupanda. Kundi la nyani halisubiri mpaka sisi tupatane.