Baiskeli kando ya Kivu: siku tano za milima, na mpaka mwisho wa safari

Na Mwandishi Wetu, Rusizi

Mlima wa kwanza unakuja kabla hujazoea tandiko. Unatoka mjini Rubavu, ambako wengi bado wanakuita Gisenyi, ziwa likiwa mkono wako wa kulia, na barabara inakudanganya kwa utambarare hadi Nyamyumba, penye kiwanda cha bia na chemchemi za maji moto. Baada ya hapo ardhi inasimama. Baiskeli yangu ina gia 21. Nilizitumia zote, zikaisha, nikashuka nikasukuma.

Kijana mmoja alinikuta nikisukuma, naye akisukuma yake isiyo na gia hata moja, mikungu ya ndizi imefungwa kwenye keria na mingine ikining'inia kando hadi karibu na ardhi. Alinisalimu kwa Kiswahili cha Goma, akauliza kama chombo kimeharibika. Nikamwambia chombo kizima, kilichoharibika ni mapafu. Akacheka, akanipita.

Hii ndiyo Congo Nile Trail, njia ya kilomita 227 inayofuata mwambao wa Ziwa Kivu upande wa Rwanda, kutoka Rubavu kaskazini hadi Rusizi kusini, ikipita Kinunu, Musasa, Karongi, Mugonero na Shangi. Anayetembea kwa miguu hukadiriwa siku kumi, mwenye baiskeli siku tano. Nilitumia siku tano kamili, moja kati yake nikiwa nimelala nusu siku kwa uchovu.

Nilikwenda Juni 2025, mvua za masika zikiwa zimekatika. Sababu ilikuwa kwamba Kigali ilikuwa ikijiandaa kwa Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani ya Septemba 21 hadi 28, 2025, mara ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, na kwenye kila mkutano wa Jumuiya niliohudhuria watu walizungumzia utalii wa michezo. Nikataka kujua jambo dogo zaidi: je, Mwafrika Mashariki wa kawaida, mwenye likizo ya wiki moja na baiskeli ya mtumba, anaweza kuifaidi njia hii? Na akifika inapoishia, anaweza kuendelea?

Maji yanayogawanyika

Jina la njia linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu huioni Kongo wala Nile ukiwa juu ya baiskeli. Mashariki ya ziwa kuna mgongo wa milima unaogawa maji. Mvua inayoanguka upande wa magharibi huteremka Kivu, hutoka kwa Mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika, hupita Mto Lukuga na kuingia Kongo, kisha Bahari ya Atlantiki. Inayoanguka upande wa pili huingia Nyabarongo, halafu Akagera, Ziwa Viktoria na Nile hadi Mediterania. Matone mawili ya wingu moja yanaweza kuishia bahari mbili. Njia yenyewe haipandi juu ya mgongo huo. Inabaki ubavuni, upande wa Kongo, na ndiyo maana inachosha: kila kijito kinachoteremka ziwani kimechimba bonde lake, nawe unashuka kila bonde na kulipanda tena.

Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi na usiku una baridi ya sweta. Kina chake kinazidi mita 450, na chini kabisa kuna gesi ya methani iliyoyeyuka majini. Karibu na Karongi utauona mtambo ukielea ziwani: hiyo ni KivuWatt, inayozalisha megawati 26 za umeme kutokana na gesi hiyo.

Mabonde hayo si mapambo tu. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua kubwa iliporomosha milima ya magharibi na kaskazini mwa Rwanda, Mto Sebeya ukafurika, na watu zaidi ya 130 wakafa. Ukipita sasa unaona matuta mapya yamekatwa ubavuni mwa vilima na miti imepandwa. Mwendesha baiskeli anayeomba Mungu amletee mteremko mkali akumbuke kwamba kuna watu wanalala chini ya mteremko huo.

Usiku wa Kinunu

Ukiniuliza nirudie sehemu moja tu, nitachagua mwambao wa Rubavu hadi Kinunu na zaidi kidogo hadi Musasa. Hapo njia ni ya vumbi na changarawe, nyembamba, migomba huku na kahawa kule. Watoto wanakimbia nyuma ya baiskeli wakipiga kelele za "muzungu", nami ni mweusi kama wao. Inaonekana kofia ngumu na kaptura ya kubana vinatosha kumbadilisha mtu rangi. Wazee wao wanasema "komera", yaani jipe nguvu, na ukweli ni kwamba neno hilo lilinisukuma kuliko chai.

Kinunu kuna kituo cha kuosha kahawa kando ya maji. Msimu ulikuwa unaelekea ukingoni, lakini vichanja virefu bado vilikuwa na kahawa, na wanawake wamesimama pande zote mbili wakichambua punje mbovu kwa vidole, wakizungumza bila kuinua macho. Nililala karibu na hapo. Jioni nilikula sambaza waliokaangwa na ugali wa muhogo, nikaketi nje.

Giza lilipoingia wavuvi wakatoka. Kivu huvuliwa kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu ikitokeza mbele na nyuma kama pembe za mnyama, taa zikiwashwa kuvuta samaki, na wapiga makasia huimba ili mikono iende pamoja. Wimbo unakuja juu ya maji kabla hujaona taa. Samaki wanaowafuata, hao sambaza, ni jamii ya dagaa wa Ziwa Tanganyika. Walipandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Msomaji wa Kigoma anayefika hapa atakula samaki mwenye ukoo na wa kwao.

Lami na vumbi

Tangu barabara ya lami ya Rubavu, Karongi hadi Rusizi ikamilike, njia ya baiskeli imekuwa mchanganyiko. Kuna mahali unapanda lami laini yenye kona moja baada ya nyingine na ziwa lote limetandazwa chini, na kuna mahali unaachana nayo na kurudi kwenye vumbi. Watalii wanaokuja kutafuta upweke wanalalamika kwamba lami imeua njia. Mimi siwaungi mkono. Mama mjamzito wa Rutsiro anafika hospitali kwa lami hiyo hiyo, na kahawa haimalizi siku nzima ikiruka mawe. Anayetaka vumbi bado lipo la kutosha kumjaza masikio.

Ila kuna jambo moja ambalo mwenyeji wangu mmoja, mama anayepangisha vyumba viwili chini kando ya ziwa, alinifungua macho. Wengi sasa hupita juu kwa kasi, wanalala mjini Karongi kwenye hoteli, na huku chini kitabu chake cha wageni kina kurasa nyeupe. Aliniambia hahitaji msaada wa mtu, anahitaji kibao pale lami inapokutana na njia ya kushuka kwake. Nilipita hapo asubuhi nikatazama. Kibao hakuna. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefika kwake kwa kupotea.

Njia hii haina uzuri peke yake. Karongi, ambayo zamani iliitwa Kibuye, ni kati ya miji mizuri niliyoiona katika Maziwa Makuu, imejengwa juu ya vidole vya ardhi vinavyoingia ziwani. Ni katika milima iliyo juu yake, Bisesero, ambako Watutsi walijikusanya mwaka 1994 wakapambana kwa mawe na mikuki hadi maelfu kwa maelfu wakauawa. Kusini zaidi njia inapita Mugonero, ambako waliokimbilia eneo la kanisa na hospitali waliuawa. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mchungaji wa hapo na mwanawe, daktari, mwaka 2003. Kuna ukumbusho. Nilishuka kwenye baiskeli, nikavua kofia, nikaingia. Yeyote anayepita kwa mwendo wa picha tu namwomba afanye hivyo hivyo.

Kwa anayetaka kujaribu

Mkenya na Mganda anaweza kuingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza Januari 2014 kati ya nchi hizo tatu. Mtanzania hahitaji viza. Anayetoka Uganda ana njia nzuri kuliko ya ndege: Kabale, Ziwa Bunyonyi, Kisoro, mpaka wa Cyanika, Musanze, kisha Rubavu, volkano zikiwa mbele yako muda wote. Ukivuka Cyanika kumbuka kuhamia kulia. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia, sisi wa Kenya, Uganda na Tanzania kushoto, na kosa la asubuhi ya kwanza linaweza kuwa la mwisho. Usifunge nguo zako kwenye mifuko ya nailoni. Ilipigwa marufuku nchini humo tangu 2008. Beba tyubu mbili, solusheni na viraka. Mafundi wapo kila senta, tena hodari, lakini vipuri vyao ni vya baiskeli za mizigo, na spoki ya kwangu ilipokatika karibu na Musasa fundi aliinyoosha na kuiunga kwa waya hadi nikafika Karongi. Alikataa malipo zaidi ya bei ya soda.

Ukiwa Rubavu utasikia Kiswahili kila kona, kwa sababu ya Goma iliyo mlangoni. Vijijini kusini mwa Karongi kinapungua. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, lakini kwa bibi wa Shangi sheria hiyo bado haijafika. Jifunze "mwaramutse" ya asubuhi na "murakoze" ya shukrani, mengine yatajisema kwa mikono.

Mwisho wa kilomita 227

Siku ya tano nilishuka Kamembe, mji mkuu wa shughuli za Rusizi, miguu ikitetemeka. Ng'ambo ya Mto Ruzizi, karibu kiasi cha kuhesabu madirisha, iko Bukavu.

Kwenye ramani hapa si mwisho. Ukifuata Ruzizi kusini unateremka tambarare ya Bugarama, unavuka Ruhwa kuingia Burundi, unafika Bujumbura, kisha unaambaa na Tanganyika kupitia Rumonge na Nyanza-Lac mpaka Tanzania na Kigoma. Maziwa mawili, nchi tatu, na maji yanakuongoza karibu safari nzima. Sijui njia nyingine ya baiskeli katika Jumuiya inayoweza kushindana na hiyo.

Lakini Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na nilipofika Ruhwa ilikuwa haipitiki. Goma iliingia mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu Februari, kwa hiyo kuzunguka ziwa kwa upande wa Kongo ni jambo ambalo sitamshauri mtu. Nchi zote zinazotajwa hapa ni wanachama wa Jumuiya moja. Kongo iliingia mwaka 2022, na mwaka huo huo, Januari 31, mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifunguliwa baada ya karibu miaka mitatu. Nilikuwa miongoni mwa waandishi walioapa kwamba usingefunguliwa kizazi hiki.

Neno boda boda lilizaliwa kwa baiskeli, pale Busia, ambapo vijana walibeba watu kutoka mpaka hadi mpaka. Nililikumbuka nikiwa nimesimama juu ya daraja la Rusizi, nikiwatazama akina mama wakivuka kwa miguu na mabeseni ya mboga kichwani, vitambulisho mkononi. Askari kijana aliiangalia baiskeli yangu, mikoba ya nyuma, spoki yenye waya. Akaniuliza ninaelekea wapi.

Nikamwambia Kigoma. Akatabasamu, akanionyesha kituo cha mabasi ya Kigali.

Kondakta alidai baiskeli ilipiwe kama abiria. Tulikubaliana nusu.